Sufuria Chini ya Tundu: kwa mnaoanza kozi ya fasihi

Asaimenti yangu ya kwanza ya fasihi chuoni nilipata 9 kati ya 20. Nilikuwa nimetoka kidato cha sita na A ya Kiswahili, nyumbani wameshaanza kuniita profesa, kwa hiyo ile tisa niliisukumiza chini kabisa ya begi kama kitu cha wizi. Tulikuwa tumepewa hadithi fupi ya kurasa sita, kopi iliyofifia upande mmoja, na swali moja: jadili matumizi ya ishara. Nikajaza kurasa nne kuhusu mvua. Mvua inanyesha mwanzo, inanyesha katikati, inanyesha mwisho. Mvua ni neema. Mvua ni matumaini mapya ya mhusika mkuu. Mhadhiri aliandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Mvua hii imewabomolea jiko ukurasa wa tatu. Neema umeiona wapi?"

Sasa nipo mwaka wa tatu, na kila Novemba nikiona sura mpya kwenye viti vya mbele najua mmekuja na nini kichwani. Mmekuja na ile orodha. Njiwa ni amani. Nyekundu ni damu, au hatari. Nyeupe usafi, giza ujinga, maji uhai, njia panda mtu hajui aamue lipi. Sina ugomvi mkubwa na orodha hiyo, maana imetuvusha mitihani. Ubaya wake ni kwamba inakuachisha kusoma. Ukiona mvua unakimbilia kwenye orodha, unachota jibu, unaondoka, na hadithi ya watu inabaki pale mezani hujaigusa.

Niwaeleze kilichokuwa ndani ya ile hadithi, maana niliirudia baadaye kwa hasira. Kuna mama na binti yake, nyumba ya bati, na bati lina tundu. Usiku wa kwanza mama anachukua sufuria, anaitega chini ya tundu. Sufuria ni moja tu mle ndani, kwa hiyo usiku ule hawakupika. Mwandishi hasemi kwamba walilala njaa. Anasema tu sufuria ilikuwa imejaa nusu kulipokucha. Katikati ya hadithi jirani anakuja kuiazima, ana wageni. Mama anajibu kwamba ina kazi. Jirani anachungulia ndani, anayaona maji ya paa, anaaga bila neno. Mwishoni binti anapata kazi za ndani mjini, na mama anampa ile sufuria aende nayo, asije akadharauliwa kwenda kwa watu mikono mitupu. Binti anaipokea, anaifunga kwenye kanga, wanaagana, giza bado halijatoka. Halafu mama anarudi kulala, na sentensi ya mwisho ni mlio wa tone juu ya chuma: ti, ti, ti.

Mara ya kwanza niliisoma sentensi ile nikaona ni mvua tena, nikaongeza aya nyingine ya matumaini. Lakini sakafu ya nyumba ile ni ya udongo, na tone likiangukia udongo halilii hivyo. Binti ameirudisha sufuria chini ya tundu kabla hajatoka.

Hakuna orodha ya kidato cha sita yenye sufuria, na ndiyo maana sikuiona.

Kwa hiyo ukipewa kazi ya ishara, anza kwa kuuliza kitu hiki kina kazi gani humu. Kina kazi ya kawaida kabisa, ya jikoni, shambani, barabarani, na kazi hiyo uijue kwanza. Sufuria inapika. Ikitumika kukinga maji, tayari kuna jambo limeharibika katika nyumba hiyo, na hujahitaji nadharia yoyote kulijua. Mimi husoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na penseli. Kitu kikitajwa zaidi ya mara mbili nakizungushia duara, halafu natazama nani amekigusa mara ya kwanza na nani mara ya mwisho. Baada ya hapo nakiondoa hadithini kwa mawazo. Hadithi ikisimama bila kutetereka, basi kilikuwa pambo, niachane nacho. Mvua ukiiondoa kwenye hadithi ile unaweza kuweka hata paa bovu na umande, mambo yakaenda. Jaribu kuondoa sufuria.

Hapo pia ndipo ule mkanganyiko wa sitiari na ishara huisha, na utaulizwa kwenye testi, nakuapia. Ukisema Juma ni simba, hakuna simba chumbani. Umeazima tu ukali wake. Sufuria ipo. Unaweza kuisongea ugali. Ishara huwa kwanza kitu chenyewe, kamili, ndipo ibebe jingine juu yake. Majina mengine mtakayokutana nayo kwenye madesa, yaani noti tunazorithishana, taswira, jazanda, taashira, kila kitabu kinayakata mipaka kivyake. Shika ya mhadhiri wako mpaka matokeo yatoke.

Somo lenyewe hasa, lakini, sikulipata darasani. Bumu la kwanza, yaani mkopo wa chuo, lilipoingia nilikwenda Kariakoo kumnunulia shangazi yangu doti ya kanga. Yeye yupo Tanga, ndiye aliyenilipia nauli ya kuja chuo. Nilichagua kwa macho: zambarau na njano, mji, ile sehemu ya katikati, wenye maua makubwa, pindo nene. Jina, yale maandishi yake, sikulisoma. Niliiona ni kanga nzuri, basi.

Nilipompelekea likizo aliikunjua, na jicho lake halikwenda kwenye maua. Lilikwenda moja kwa moja kwenye maandishi. HASIDI HANA SABABU. Akainua uso akanitazama, anajizuia kucheka. "Mwanangu, hii unamsema nani?" Nikamwambia shangazi, simsemi mtu, nimependa rangi. Akaikunja vizuri, akaiweka kabatini, akasema itapata siku yake.

Siku yake ilifika siku nne baadaye. Kuna jirani ambaye hawakuwa na maelewano, kisa siwezi kukieleza chote hapa, kilianzia kwenye mchezo wa fedha. Jirani huyo akaja kukusanya michango ya msiba. Shangazi akamwambia karibu mama, kaa kitako, naja. Akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amejifunga ile kanga, na jina limelala nyuma kiunoni, limenyooka kama limepigwa rula. Akampa mchango wake. Akamwuliza hali ya watoto. Kisha akageuka, akatembea polepole hadi kwenye mtungi, mgongo wote kwa mgeni, akamletea maji ya kunywa. Sijaona mtu akitembea polepole vile kwa hatua sita.

Mgeni alipoondoka nikasema shangazi, umemsema. Akaniangalia kama ameonewa. "Mimi? Mimi nimevaa kanga. Si umeninunulia wewe?"

Nililala nikilifikiria hilo. Kitambaa ni kilekile na maneno ni yaleyale. Mikononi mwangu kilikuwa zawadi ya mtu asiyesoma. Kabatini hakikuwa kinasema lolote. Kiunoni kwa shangazi, mbele ya yule mtu, siku ile, kikawa neno, na neno lenyewe la aina ambayo huwezi kumshtaki mtu nalo hata kwa mjumbe. Orodha yetu inadhani maana imeshonwa ndani ya kitu. Shangazi alijua iko kwa anayekivaa, anayekitazama, na wakati.

Na alijua faida yake ya pili: unasema bila kuwa umesema. Ukishaliona hilo kwenye kanga, utaelewa kwa nini watu waliotawaliwa waliandika walivyoandika. Shaaban Robert alianza kazi forodhani mwaka 1926 na aliendelea kuwa mtumishi wa serikali ya mkoloni kwa miaka mingi. Mwaka 1951 kikatoka kitabu chake Kusadikika, habari za nchi inayoelea angani, ambako mtu anaitwa Karama anashtakiwa kwa sababu anataka kuwafundisha watu uanasheria, na anayemshtaki ni waziri anayeitwa Majivuno. Mbele ya baraza Karama anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita, wakarudi na mambo ya manufaa, wakaishia gerezani. Wahakiki wengi wanaisoma kama Tanganyika chini ya Mwingereza. Lakini nani angemshika? Nchi iko angani. Mwandishi amevaa kanga tu.

Hivyo mkifika kwenye kitabu hicho msikimbilie kuandika "Kusadikika ni Tanganyika", mkaweka nukta. Wenzangu wengi walifanya hivyo kwenye mtihani. Ulizeni kwa nini angani. Kwa nini kesi, kwa nini isiwe vita au safari? Mtu aliyekatazwa kufundisha sheria anapata nafasi ya kuifundisha wapi, kama si pale anaposhtakiwa, na watawala wote wamekaa wanamsikiliza? Hapo una kurasa tano za kuandika, na hujagusa orodha.

Kuna jambo jingine lililonichelewesha. Nilidhani ishara ikishapewa maana inabaki nayo mpaka mwisho, kama jina la mtu. Tamthilia ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969, Kinjeketile, ndiyo iliyonitoa huko. Inatokana na Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, na kila mwanafunzi anaandika maji ni uhai. Fuata maji yale hatua kwa hatua. Mwanzoni ni dawa ya kukinga risasi, na kazi yake kubwa ni kuwaweka pamoja watu wa makabila ambayo hayakuwa yakiaminiana. Halafu yanakuwa sababu ya watu kujirusha mbele ya bunduki kabla Kinjeketile, mwenye kuwapa maji hayo, hajaridhika kwamba wako tayari. Mwishoni yuko mikononi mwa Wajerumani, anatakiwa akiri kwamba maji yalikuwa uongo, na anakataa, kwa sababu lililobaki sasa ni neno, na wajukuu watalisikia. Kwangu mimi hiyo dakika ya kukataa ndiyo tamthilia yote. Maji yameshindwa kazi yake ya dawa, watu wamekufa, naye bado hawezi kuyakana. Ukiandika "maji ni uhai" umeandika kinyume kabisa cha maiti zilizolala uwanjani.

Sasa onyo, maana ugonjwa wa pili huja baada ya kupona wa kwanza. Mwaka wa pili niliona ishara kila mahali. Rafiki yangu akivaa soksi mbili tofauti, nachambua. Katika hali hiyo tulikwenda Unguja kwa ziara ya masomo, tukapitishwa Mji Mkongwe kuangalia milango. Mmoja ulikuwa umechongwa mnyororo kuzunguka fremu nzima. Aliyekuwa anatuongoza akatuambia maana yake mwenye nyumba alikuwa mfanyabiashara wa watumwa. Mwenzetu mmoja akasema yeye amesikia mnyororo ni kinga, unazuia mabaya yasiingie. Tukaanza kubishana pale njiani, kila mtu na daftari lake, mimi nikiwa nimeshapata kichwa cha insha. Mzee mmoja alikuwa amekaa barazani upande wa pili anakunywa kahawa. Alituacha tukachoka, akasema, "Wanangu, fundi mwengine mnyororo ndio anaoujua kuchonga."

Tulicheka, lakini mpaka leo nikiandika aya ya ishara namsikia. Inawezekana kweli baadhi ya minyororo ile inasema jambo, na inawezekana fundi alikuwa na ruwaza moja na wateja kumi. Kwa kusimama tu mbele ya mlango huwezi kujua. Inabidi umjue aliyeuagiza na milango mingine ya fundi huyohuyo. Kwenye hadithi tuna bahati, kurasa zote tunazo mkononi. Kama ushahidi haumo kwenye kurasa hizo, usiutoe mfukoni mwako. Andika ukurasa, andika tukio, halafu ndio useme. Wahadhiri wanasamehe tafsiri dhaifu yenye ushahidi kuliko kali inayoelea, na marks zangu za mwaka wa pili zinathibitisha pande zote mbili.

Ya mwisho ni ndogo. Msione haya kuwauliza watu wasiosoma kozi yenu. Kule kwetu hakuna mwanamke wa makamo asiyejua kusoma ishara. Wanafanya hivyo kila wakienda harusini. Kuna kanga ya kisutu, nyekundu na nyeusi na nyeupe, ya bibi harusi, aghalabu haina jina kabisa, na hakuna anayeuliza inasema nini. Nilimwuliza shangazi kwa nini ile haihitaji maneno. Akasema siku hiyo watu wote wameshajua.

Likizo iliyopita nilikumbuka kumwuliza habari za yule jirani. Akaniambia wiki ileile, mimi nimesharudi Dar, jirani alipita mbele ya nyumba mara mbili, kwenda na kurudi, na kanga mpya. Nikauliza, imeandikwaje?

"Sikuisoma," shangazi akasema. Halafu akanieleza rangi ya mji, rangi ya pindo, idadi ya korosho kwenye kila pembe, na duka lilikonunuliwa.