Mwaka wa kwanza kwenye mpira wa kikapu wa kulipwa: unabeba matarajio ya nani?

Mechi yangu ya kwanza kama mchezaji wa kulipwa nilicheza sekunde 40. Niliingizwa robo ya pili, nikaganda kutazama mpira, na mtu niliyepewa nimkabe akanipotea nyuma ya skrini, yaani mwenzake aliyesimama kunizibia njia. Nilipogeuka alikuwa kwenye kona, peke yake, mpira umeshatoka mkononi. Pointi tatu. Kocha hata hakufoka. Alimgusa bega jamaa aliyekaa karibu naye, jamaa akavua koti la mazoezi, na filimbi ilipolia nikarudi benchi. Nilikaa pale mpaka mwisho wa mechi, taulo shingoni, jasho lenyewe halijatoka.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo simu ilikuwa imejaa ujumbe. Wengine hongera, wengine "mbona hukufunga?" Mjomba wangu, ambaye nampenda sana, aliandika: "Mwambie huyo kocha akuchezeshe."

Usiku ule sikulala, na wiki iliyofuata nikafanya kosa ambalo nadhani wageni wengi hulifanya. Nikipewa dakika tatu, natupa mara tatu. Nilikuwa nacheza ili mjomba aone jina langu kwenye orodha ya wafungaji. Dakika zikazidi kupungua.

Ilinichukua karibu miezi mitatu kwenda ofisini kwa kocha na kumuuliza swali ambalo ningelipaswa kumuuliza siku ya kwanza ya mazoezi: "Kocha, nifanye nini ili uniongeze dakika tano?" Hakufikiri hata kidogo. "Usimpoteze mtu wako. Usipoteze mpira. Rudi mbio kukaba." Nikasubiri la nne, halikuja. Suala la kufunga hakuligusa. Timu ilikuwa na watu watatu wa kazi hiyo, na wote walikuwa wanalipwa kunizidi.

Kwa hiyo, kama unaanza msimu wako wa kwanza, nenda ukaulize. Uliza kwa maneno hayo hayo, na jibu uliandike mahali utakapoliona. Ukishalipata, kelele nyingine zote unaweza kuzipima.

Na kelele zenyewe mara nyingi zinatokana na namba tu. Chukua drafti ya NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani: raundi mbili, timu zinachagua wachezaji wapya kwa zamu. Ukishaitwa, ile namba inakuganda kama jina la ukoo. Mwaka 2009 Hasheem Thabeet, Mtanzania, alichaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies. Wa tatu akawa James Harden, wa saba Stephen Curry, wote baadaye wakawa nyota wakubwa. Thabeet alimaliza msimu wake wa kwanza na wastani wa pointi 3.1, na katikati ya msimu huo alipelekwa kwa muda kwenye ligi ndogo ya kukuzia wachezaji. Mpaka leo ukitaja jina lake, kuna mtu atakutajia Curry. Mimi naona si haki. Hakujichagua mwenyewe kuwa wa pili, waliomchagua ni watu wazima wenye ofisi na mahesabu yao. Lakini deni la namba hulilipa mchezaji.

Drafti ya 2013 inachekesha zaidi. Wa kwanza, Anthony Bennett, alipata wastani wa pointi 4.2 msimu wake wa kwanza. Wa 15, kijana mwembamba kutoka Ugiriki, alipata 6.8 kwenye timu ya Milwaukee iliyoshinda mechi 15 na kupoteza 67. Nani angekuambia mwaka ule kwamba Giannis Antetokounmpo angekuwa mchezaji bora wa ligi 2019 na 2020, na bingwa 2021? Kobe Bryant naye, akiwa na miaka 18, alitupa mitupo minne ambayo haikugusa hata pete, dakika za mwisho dhidi ya Utah, kwenye mechi iliyoitoa timu yake, Lakers, kwenye mtoano mwaka 1997.

Na hata ukitimiza kila ulichoambiwa, timu bado inaweza kufungwa. Victor Wembanyama alikuja 2023 akiwa amebebeshwa matarajio ambayo ligi ilikuwa haijayaona kwa miaka mingi. Akatoa pointi 21.4 na ribaundi (mipira iliyokosa kuingia akaidaka) 10.6 kwa mechi, kila mpiga kura akamchagua mchezaji bora wa mwaka wa kwanza. Timu yake, San Antonio, ilipoteza mechi 60 kati ya 82 za msimu.

Hizo 82 nazo zizingatie. Mechi ya NBA ni dakika 48, wakati kwenye vyuo vya Marekani na mashindano ya kimataifa ni 40. Mstari wa pointi tatu uko mita 7.24, wa kimataifa 6.75. Utasema nusu mita ni nini? Subiri miguu ichoke. Mimi ligi yangu haikuwa kubwa hivyo, lakini mwezi wa nne wa msimu mwili uligoma kabisa. Mipira yangu yote ilianza kugonga pete kwa mbele. Nikadhani nimesahau kutupa, nikaongeza mazoezi ya usiku, nikaharibu zaidi. Mtaalamu wa viungo wa timu ndiye aliyenikalisha chini na kuniuliza ninalala saa ngapi. Nikaona haya kumjibu.

Kuhusu kubeba mifuko ya mipira: beba. Nilinuna wiki mbili nzima nikiona nadharauliwa. Baadaye nikagundua anayekusanya mipira hubaki uwanjani wa mwisho, na wakongwe nao hubaki. Mmoja wao, mwenye magoti mabovu na ulimi mkali, ndiye aliyenifundisha skrini. "Acha kuangalia mpira," alisema, akanishika kiganja akakiweka kwenye nyonga yake. "Ukimgusa hapa kabla hajasimama vizuri, utajua mwenyewe upite juu au chini." Tulirudia mpaka taa za uwanja zikaanza kuzimwa. Kitu hicho sikuwahi kukipata kwenye kikao cha video.

Pesa nitaisema kwa ufupi kwa sababu bado inaniuma. Mkataba wangu ulikuwa wa mwaka mmoja, ndugu wakaupokea kama urithi. Hata NBA, aliyechaguliwa raundi ya kwanza ana uhakika wa miaka miwili tu, mwaka wa tatu na wa nne timu ndiyo inaamua. Waeleze nyumbani mapema, kabla ya mshahara wa kwanza, kwamba hii ni kazi yenye tarehe ya mwisho. Tafuta mtu mmoja katika familia anayejua kusema hapana bila kugombana, maombi yote yapitie kwake. Kwangu alikuwa dada yangu mkubwa. Alinilindia pesa, na nadhani alinilindia pia undugu.

Maoni ya mitandaoni usiyasome siku ya mechi. Sina la kuongeza hapo.

Karibu na mwisho wa msimu niliingia robo ya nne, tukiongoza kwa pointi nne. Nilicheza dakika sita. Sikutupa hata mara moja. Mtu wangu naye hakufunga, na mara moja alinitukana, jambo lililonifurahisha kuliko nilivyotakiwa kufurahi. Tulishinda. Kwenye basi nikafungua simu, mjomba alikuwa ameandika: "Leo tena sifuri?"

Nilikuwa bado natafuta jibu la heshima kocha alipopita kwenye ujia wa basi. Hakusimama. "Kesho uje saa moja kabla ya wenzako," akasema. "Jumamosi unamkaba yule mfungaji wao."