Betri ya simu ikivimba, usiibane tena

Huku kwetu Pemba betri ya simu haitupwi mpaka ikatae kabisa. Ikivimba, mfuniko wa nyuma ukawa haufungi, tunatafuta mpira wa kufungia noti, simu tunaifunga nao katikati, maisha yanaendelea. Simu za namna hiyo nimeziona Wete, Konde, Mkoani, na hata sokoni Darajani, Unguja, mikononi mwa watu wanaouza simu. Tabia hii naomba tuiache. Nimeigombania sana nyumbani kwetu na sitochoka kuigombania, kwa sababu watoto ndio wanaolala karibu na hizo simu zinazochajiwa usiku kucha.

Shangazi yangu ana kitochi anachokipenda kuliko simu ya kupangusa aliyonunuliwa na wanawe. Kikawa kinazima kila akipokea simu. Nilipokifungua, betri ilikuwa imetuna katikati, karatasi yake ya juu imevutika mpaka maandishi yamefifia. Nikaiweka juu ya meza, nikaizungusha kwa kidole, ikazunguka kama pia. Betri nzima haifanyi hivyo. Imelala bapa, ukiisukuma inakwaruza na kusimama. Kipimo hicho hakina gharama wala hakihitaji fundi, na kila mwenye simu ya kufungua nyuma anaweza kukifanya sasa hivi.

"Ibonyeze tu, mwanangu, itaingia," akaniambia.

"Hii haibonyezwi, shangazi. Kilichomo humu ndani si upepo."

Ndani ya betri ya lithiamu mna matabaka membamba yaliyokunjwa pamoja, ya chanya na ya hasi, na baina yake utando wa plastiki mwembamba kuliko unywele. Yote yameloweshwa kimiminika kinachoshika moto. Joto likizidi, chaji ikizidi, au betri ikizeeka tu, kimiminika kile huanza kuharibika na kutoa gesi, na gesi ikikosa pa kutokea betri inatuna. Sasa ukiibonyeza ndipo unapoulemea ule utando. Ukichanika, chanya na hasi zinagusana, na joto linalozaliwa hapo linajichochea lenyewe hata kama simu imezimwa na haipo kwenye umeme. Wapo wanaoitoboa kwa sindano ili itoe pumzi. Hao nawasihi zaidi, maana sindano hiyohiyo ndiyo inayopenya matabaka yote kwa pamoja.

Wala tusidhani haya ni ya betri feki peke yake. Agosti 2007 Nokia yenyewe ilitangaza kwamba betri zake za BL-5C zipatazo milioni 46, zilizotengenezwa na Matsushita ya Japani kati ya Desemba 2005 na Novemba 2006, zingeweza kupata hitilafu ya ndani zikiwa kwenye chaji, zikachemka na hata kuchomoka kwenye simu. Ikakubali kuzibadilisha bure. BL-5C ndiyo hiihii tunayoijua sote, ya vitochi na vijiredio vya mkononi. Ikiwa kiwanda kikubwa kiliteleza, iliyotengenezwa kiholela na kubandikwa jina la watu inataka macho zaidi.

Kwetu sisi adui wa kwanza ni joto. Apple, kwa mfano, inashauri simu zake zitumike pahala pasipozidi nyuzi 35. Kaskazi ya Januari na Februari kivulini tu panafika 32 na kupita, sembuse kwenye dashibodi ya gari, au pembeni ya jamvi la karafuu juani, au chini ya mto wa kulalia. Simu ikiwa kwenye chaji ivue kava, iweke juu ya sakafu au meza, si juu ya godoro. Ikipata moto mpaka huwezi kuishika, ichomoe kwanza, maswali baadaye.

Adui wa pili ni chaja, na hapa nazisema hasa zile za kubana betri peke yake, ambazo wengi wanaziita kobe. Nyingi hazikati umeme betri inapojaa. Waliokuwepo Unguja kati ya Desemba 2009 na Machi 2010, kisiwa kilipokaa miezi mitatu bila umeme wa gridi, wanakumbuka jinsi watu walivyopeleka simu zao kuchajiwa kwenye jenereta za watu. Dhiki ilikuwa dhiki, simlaumu mtu. Lakini leo kuiacha betri kwenye kobe toka magharibi mpaka alfajiri hakuna sababu.

Kabla hujaihukumu betri, jaribu chaja na waya mwengine. Kisha mulika tundu la chaji. Upepo wa bahari na jasho la mfukoni huleta kutu ya kijani mle ndani, na simu inakataa chaji huku betri haina kosa. Iliyoanguka baharini hiyo mbali, usiitie kwenye umeme kabisa mpaka fundi aifungue, kwa kuwa maji ya chumvi yanapitisha umeme kuliko ya kisimani.

Simu za kupangusa haziruhusu kipimo cha mezani, lakini nazo hujisema. Kioo kinainuka upande mmoja, au mgongo unaachia na ukucha unapita. Pengine chaji inaonesha asilimia 30 halafu simu inazima ghafla, au inakuwa nzito, yaani inafanya kazi polepole, bila sababu. Uzito huo si wa kuwaza tu: Desemba 2017 Apple ilikiri kwamba programu yake ilikuwa inapunguza kasi ya baadhi ya iPhone zenye betri kuukuu ili zisizime zenyewe. Kwenye iPhone utaona hali ya betri kwenye mipangilio, sehemu ya betri. Ukiona kioo kimeinuka, usiichaji tena. Kwa chaji iliyobaki hamisha picha na namba zako, zima simu, na laini uitie kwenye simu nyengine ili pesa zako zisikwame.

Kwa fundi kuwa na subira, lakini kaa uone. Mwambie akuoneshe betri mpya kabla hajaitia. Namba ya modeli iwe ileile ya betri ya zamani, na volti zilingane, kwani ipo ya 3.7 na ipo ya 3.85, na kila moja ina kikomo chake cha kujaa. Usihadaike na namba kubwa za mAh, kipimo cha ujazo wa betri. BL-5C halisi ya Nokia iliandikwa 1020. Ukiletewa ya umbo lilelile imeandikwa 3000, imedanganya, ujazo huo hauna pa kukaa. Duka moja hapa mjini liliwahi kuniuzia ya namna hiyo, ikatuna kabla stakabadhi haijafifia wino, na muuzaji akaniambia ni simu yangu inayoua betri. Ndiyo maana sasa nadai muda wa dhamana uandikwe kwenye stakabadhi, na nashauri kila mtu adai. Betri iliyong'olewa kwenye simu nyengine iliyokufa usiikubali hata kwa bure. Na fundi akianza kuichokonoa kwa bisibisi ya chuma betri iliyogandishwa kwa gundi, mzuie kwa adabu. Gundi hulainishwa kwa joto dogo na betri hunyanyuliwa kwa plastiki.

Ikitokea simu imeanza kufuka moshi, zima umeme ukutani kwanza. Usiishike kwa mkono. Watoe watu chumbani, maana moshi ule ni sumu. Ukiweza kuisukuma nje kwa koleo au ufagio, isukume, kisha uimwagie maji mengi au uifukie kwa mchanga mkavu. Maji yanaipoza; mchanga unazuia moto usirukie vitu vyengine. Ikinyamaza usiirejeshe ndani siku hiyo, kwa sababu huweza kuwaka upya.

Betri ya shangazi niliitoa, nikaziba vile vidude vya shaba kwa selotepu ili visigusane na chuma, nikaiweka kwenye kopo la maziwa lenye mchanga mkavu, nje, juu ya ukuta ambapo watoto hawafiki na jua halipigi. Usiichome pamoja na taka za uani wala usiitupe jaani wanapookota watoto. Siku ukienda mjini chukua kopo lako, umuulize fundi aliyekuuzia mpya kama anazipokea za zamani. Akikataa, muulize wa duka la pili.