Kuhusu lile swali lako la Biblia kuchakachuliwa

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unasema mwenzako wa chumbani amekuambia Biblia imechakachuliwa, kwamba kila aliyeinakili alitia la kwake, nawe ukakosa la kumjibu. Sasa unaniuliza: mama, tunajuaje kwamba Isaya tunayemsoma ni yuleyule?

Nianzie kwenye taipureta, maana ndiyo iliyokusomesha. Siku moja nilikuwa nanakili barua ya mkubwa wangu. Maneno “kikao cha wafanyakazi” yalikuwamo mara mbili katika aya moja. Jicho likaondoka kwenye yale ya kwanza, likatua kwenye ya pili, na yote ya katikati yakabaki huko. Barua ikasomeka vizuri tu! Hakuna aliyeshtuka mpaka watu walipokuja kikaoni siku isiyo yao. Sikuwa na hila yoyote, baba, nilikuwa na usingizi.

Sasa sikia. Nakala kamili ya Biblia ya Kiebrania iliyo kongwe kuliko zote leo iliandikwa Cairo karibu mwaka 1008 baada ya Kristo. Inaitwa Kodeksi ya Leningrad. Kutoka kwa Isaya mwenyewe hadi hapo ni zaidi ya miaka 1,700, na mwenzako ana haki ya kuuliza kilitokea nini katikati. Kisha, kati ya mwaka 1947 na 1956, katika mapango 11 ya Qumran kando ya Bahari ya Chumvi, zikapatikana hati za Wayahudi, nyingi zikiwa vipande vipande tu. Wabedui ndio waliotangulia kuziona. Husimuliwa kwamba kijana mchungaji alirusha jiwe pangoni akasikia mtungi ukivunjika. Kitabu cha Esta hakikupatikana, lakini Isaya alikuwamo mzima: vipande 17 vya ngozi vilivyoshonwa pamoja, urefu zaidi ya mita saba, kazi ya zaidi ya miaka mia moja kabla ya Kristo.

Walipolinganisha, tofauti nyingi zilikuwa za tahajia na za maneno madogo. Isaya ni yuleyule.

Ila fungua sura ya 40. Mstari wa 7 unaanza “Majani yakauka, ua lanyauka”, na wa 8 unaanza hivyohivyo. Umeshajua kilichotokea, sivyo? Mnakili wa lile gombo la pangoni aliandika maneno hayo mara moja, akapitiliza hadi “neno la Mungu wetu litasimama milele”. Ile pumzi ya Bwana na watu walio kama majani havimo. Baadaye akaja mtu mwingine mwenye mwandiko wake, akayabana maneno yaliyokosekana juu ya mstari, nafasi ikamwishia, akashuka nayo pembeni. Penye jina la Mungu hakuthubutu kuandika herufi. Aliweka nukta nne. Tafsiri ya kale ya Kigiriki nayo haina maneno hayo, kwa hiyo wapo wataalamu wanaosema huenda hayakuwamo tangu mwanzo. Wao wana shahada zao. Mimi naona jicho lililoruka.

Usije ukamwambia mwenzako kwamba haijabadilika hata nukta. Si kweli, na akikuumbua utakuwa umejitakia. Yeremia alikuwa akizunguka katika matoleo mawili, moja fupi na moja refu, na pango la nne limetoa vipande vya yote mawili kwa Kiebrania. Zamani watu walidhani wafasiri wa Kigiriki ndio waliompunguza. Kumbe walikuwa na Kiebrania kifupi mbele yao. Hata Goliathi uliyemwogopa Shule ya Jumapili, mwenye urefu wa mikono sita na shibiri, katika gombo la Samweli la Qumran ana urefu wa mikono minne na shibiri. Ni kama mita mbili hivi. Mrefu, lakini hata mtaani kwetu angepata wenzake.

Ndiyo kazi ya hati hizi kwa wasomi wa Biblia. Zamani walikuwa wakikisia tu kwamba mahali fulani mnakili ameteleza au kitabu kilikuwa na matoleo mawili. Sasa wanaweka ngozi mbili mezani na kulinganisha. Na huyo anayetaka kuchakachua kimyakimya, angezipataje nakala zilizokwisha kufukiwa pangoni?

Lile gombo la Isaya liko Jerusalem, lakini tangu mwaka 2011 picha zake zimo mtandaoni, bure. Ukiwa na bando, mwite na mwenzako mtazame pamoja. Nendeni safu ya 33. Kiebrania huanzia kulia, kwa hiyo angalieni ukingo wa kushoto: mtaona maneno madogo yakishuka kama sisimizi ukutani.

Mama yako