Usisubiri Kutundika Daluga Ndipo Uingie Kwenye Uongozi

Vijana wa Kongo, Burundi na Tanzania mnaocheza soka hapa Brisbane, ushauri wangu kwenu ni kwamba mwingie katika kamati za klabu zenu mkiwa bado mnacheza.

Waholanzi walitutangulia katika jambo hili. Wahamiaji wa taifa hilo, waliokuja Australia kwa wingi baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, walianzisha klabu ya Hollandia mjini humu mwaka 1957, nayo ikaja kuitwa Hollandia-Inala. Ligi ya taifa ilipoanzishwa mwaka 1977, klabu hiyo ilishiriki kwa jina la Brisbane Lions, na mwaka 2005 ikawa chimbuko la Queensland Roar, ambayo leo ni Brisbane Roar. Jezi ya rangi ya chungwa iliyoipa klabu hiyo umaarufu ni urithi wa Waholanzi hao. Mabao yao ya miaka ya mwanzo wanayakumbuka wachache. Kilichodumu ni klabu yenyewe, kwa sababu walikuwapo watu waliokubali kuandika barua, kukusanya ada na kuhudhuria vikao.

Mimi nilikuwa winga na wakati huohuo katibu msaidizi wa timu yetu. Kazi ya katibu haina makofi: kusajili wachezaji kabla dirisha halijafungwa, kuomba uwanja wa mazoezi, kuandika muhtasari wa mkutano mkuu, na kuhakikisha kila anayefundisha watoto ana kadi ya buluu, yaani kibali cha kufanya kazi na watoto, ambayo kwa anayejitolea hapa jimboni Queensland hutolewa bila malipo. Baada ya mechi, wenzangu wakiwa bado wanabishana kuhusu penalti, mweka hazina nami tulikaa kwenye kibanda cha soseji tukipanga sarafu kwa mafungu, fungu la kwanza likiwa la marefa.

Kwetu, nasema bila kuficha, tunagombania uenyekiti na kukimbia ukatibu, ilhali katibu ndiye anayejua fomu iko wapi na barua imejibiwa na nani. Kwa hiyo anza na cheo kisichogombaniwa. Omba umsaidie katibu aliyepo kwa msimu mmoja, ukae naye anapojaza fomu za usajili, na nakala za nyaraka zote uzihifadhi kwenye anwani ya barua pepe ya klabu, si kwenye simu ya mtu.