Barabara Mpya na Wanaobaki Kando Yake

SWALI: Ndugu Mhariri, mradi wa barabara kuu unapotangazwa, tunaelezwa idadi ya nyumba zitakazobomolewa na fidia itakayolipwa. Je, wale ambao nyumba zao hazitaguswa hawaathiriki?

JIBU: Wanaathirika, na mara nyingi hao ndio wanaosahauliwa. Tathmini makini ya athari za mradi huanza kwa kuchora mpaka wa eneo la athari, ambao ni mpana kuliko ardhi inayotwaliwa, kisha hueleza hali ilivyo kabla ya ujenzi: watu huvuka wapi kwenda shuleni na zahanati, nani hana gari, na ardhi inatumikaje. Hapo ndipo hulinganishwa makadirio ya siku zijazo mradi ukiwapo na usipokuwapo, kwa kuwa si kila badiliko husababishwa na barabara. Njia fupi ikikatwa na uzio wa barabara huwa safari ndefu kwa mzee atembeaye kwa miguu, ingawa ramani haioneshi hasara yoyote.

Kuhusu ardhi, lililo gumu zaidi ni athari zisizo za moja kwa moja: makutano mapya hurahisisha usafiri, bei ya viwanja hupanda, mashamba hugeuzwa maghala, na wapangaji huhama bila ya kufukuzwa na mtu. Nchini Marekani, sheria ya sera ya mazingira ya mwaka 1969 huzitaka taasisi za serikali kuu kuchunguza athari kabla ya kuamua. Neno “kabla” ndilo lenye uzito, kwani maoni ya wananchi yakikusanywa baada ya njia ya barabara kuchaguliwa, kinachobaki kujadiliwa ni kimo cha uzio na mahali pa kivuko.