Pumu ya mtoto, fungu la kumi na Mungu unayemwogopa

SWALI: Mchungaji, Bwana asifiwe. Niko Maweni, hapa Malindi, nauza mahamri na mbaazi. Nimeokoka miaka mingi, naamini Mungu ni upendo na hata watoto wa Jumapili nawafundisha hivyo. Lakini nikipiga magoti nahisi niko mbele ya marehemu baba na bakora yake. Tangu biashara ishuke sijatoa fungu la kumi, na mwezi uliopita mwanangu alizidiwa na pumu. Moyo unaniambia naadhibiwa. Je, imani yangu ni haba? Na nilipe kwanza deni la Mungu ndipo nimwombee mtoto?

JIBU: Amina, dada. Nianze na pumu, maana hiyo haingoji. Pumu huamshwa na moshi, vumbi, mafua, ukungu wa ukutani, na mara nyingi huwa iko katika ukoo. Ikiwa unakaanga mahamri kwa kuni karibu na anapolala mtoto, hamisha jiko kabla hujaanza kutafuta dhambi. Na kama daktari alimpa dawa ya kuvuta ya kila siku, asiiache hata siku anapoonekana mzima.

Imani yako si haba. Katika ushauri wa kichungaji tunatenganisha mambo mawili ambayo mimbarani huchanganywa: Mungu unayemkiri na Mungu unayemhisi. Wa kwanza ulifundishwa, na ukiulizwa unamweleza vizuri. Wa pili alianza kuchorwa kabla hujajua kusoma, kwa sauti ya baba, kwa mikono ya mama, baadaye kwa mahubiri ya moto wa jehanamu uliyoyasikia ukiwa mdogo. Ana-María Rizzuto, daktari wa magonjwa ya akili mzaliwa wa Argentina, aliliandikia jambo hili kitabu kizima mwaka 1979, akionyesha jinsi picha ya Mungu moyoni mwa mtu inavyofumwa kwa nyuzi za wazazi wake. Simlaumu marehemu baba yako. Wazee wengi walilea kwa bakora wakijua ndiyo malezi. Ila bakora ile ilikufundisha pia jambo ambalo yeye hakukusudia.

Siku za shwari hawa wawili huwezi kuwatofautisha. Mtoto akianza kukohoa usiku wa manane, yule unayemhisi ndiye anayezungumza. Kwa hiyo kukariri aya zaidi kuhusu upendo hakukusaidii sana. Unamwongezea maneno yule wa kwanza, ambaye hana shida.

Soma tena mfano wa talanta, Mathayo 25. Mtumwa wa tatu huhubiriwa kuwa mvivu, na kweli bwana wake anamwita hivyo. Lakini msikilize mwenyewe anavyojieleza: nilijua wewe ni mtu mgumu, nikaogopa, nikaifukia. Wenzake wawili walikuwa na bwana huyohuyo. Alivyomwona bwana wake ndiko kulikoamua angefanya nini na mali aliyokabidhiwa. Nawe angalia: tangu uanze kuogopa, unaomba zaidi au unakwepa? Kicho cha kweli humsogeza mtu kwa Mungu. Hofu ya bakora humfanya ajifiche, na akijitokeza ni kwa sababu ana kitu cha kulipia.

Sisi wa huku hatuna haja ya kushawishiwa kwamba picha ya Mungu inaweza kuua. Mwaka 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 msituni Shakahola, ya wafuasi wa mhubiri anayedaiwa kuwaambia wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu, wengi wao wamekufa kwa njaa, watoto wakiwamo. Sikufananishi na yaliyotokea kule. Nasema tu kwamba Mungu asiyeridhika mpaka uumie hubeba Biblia ileile, na huimbiwa nyimbo zilezile.

Wapo pia wanaokimbilia upande wa pili, wakajichongea Mungu asiyekataza lolote na anayerudisha sadaka mara mia kwa M-Pesa. Huyo naye ni wa kujitengenezea. Kipimo changu ni Yohana 14:9, pale Yesu anapomwambia Filipo kwamba aliyemwona yeye amemwona Baba. Basi mweke Yesu kwenye kisa chako. Katika Yohana 9 wanafunzi wanauliza nani alitenda dhambi hata mtu yule azaliwe kipofu, yeye au wazazi wake. Yesu anakataa yote mawili. Katika Luka 13 anawataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akasema hawakuwa wakosaji kuliko wengine wa Yerusalemu. Na marafiki wa Ayubu, waliomwambia anaugua kwa makosa yake, ndio waliokemewa mwishoni mwa kitabu, si Ayubu aliyelalamika.

Kazi nitakayokupa ni hii. Kwa wiki mbili, kila ukimaliza kuomba, andika mstari mmoja: ulitarajia kujibiwa kwa sauti gani? Usiandike uliyoyaomba. Andika sauti. Halafu omba Zaburi ya 88 kwa kinywa chako. Inaishia gizani, haina hata shukrani, na bado imo ndani ya Biblia. Mtu anayetarajia bakora hathubutu kusema vile. Umtafute pia mama mmoja wa kanisani ambaye hakutishi, umweleze haya ana kwa ana. Picha iliyochorwa na watu hufutika polepole, na kwa kawaida hufutwa na watu. Ikiwa hofu inakunyima usingizi au chakula, nenda hospitali umwone mshauri nasaha. Kufanya hivyo si kukosa imani.

Kuhusu fungu la kumi: mwombee mtoto leo, bila kulipa kwanza. Pesa iliyopo inunue dawa. Biashara ikisimama utatoa, na Paulo katika 2 Wakorintho 9:7 anataka kila mtu atoe alivyokusudia moyoni, si kwa huzuni wala kwa kulazimishwa. Miezi iliyopita usiihesabu kama kodi ya nyumba iliyolimbikizwa. Na mtu akikuambia mtoto anakohoa kwa sababu ya sadaka, hata kama ni mchungaji, mwombe mfungue pamoja Yohana 9.