Maswali yenu: misimamo ya Tanzania na bei yake

Swali: Ni kweli Mwalimu Nyerere alikataa misaada ya Wajerumani wakati nchi ndiyo kwanza inachipua?

Kweli. Baada ya Muungano wa 1964, Dar es Salaam iliiruhusu Ujerumani Mashariki kufungua ofisi ya konseli. Ujerumani Magharibi, iliyopinga Mashariki kutambuliwa, ilikasirika, ikaondoa misaada yake ya kijeshi mwaka 1965. Mwalimu akawaambia waondoe na iliyobaki. Desemba mwaka huohuo tukavunja uhusiano na Uingereza kwa sababu ya Rhodesia (leo Zimbabwe), walowezi walikojitangazia uhuru, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukakwama. Kwa hesabu ya fedha ilikuwa hasara tupu. Ila ukisoma Azimio la Arusha la 1967 linavyoonya juu ya kutegemea fedha za nje, utaona waandishi wake walikuwa wameshaungua.

Swali: Kwa nini TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ilijengwa na Wachina?

Wazungu waliombwa kwanza. Benki ya Dunia ilisema reli hiyo haitalipa. Zambia nayo ilikuwa ikipitisha shaba yake Rhodesia, mikononi mwa walowezi, ikahitaji mlango mwingine. China ikatoa mkopo usio na riba. Mkataba ukatiwa saini Beijing Septemba 1967, na kilomita 1,860 toka Dar hadi Kapiri Mposhi zikakabidhiwa Julai 1976.

Mimi hupenda kutazama upana wa njia yenyewe. Reli ya Kati ya zamani ina milimita 1,000. TAZARA ina 1,067, sawa na reli za kusini mwa Afrika. Behewa lililotoka Kigoma haliwezi kuendelea hadi Mbeya. Pale Kidatu mzigo hushushwa huku ukapakiwa kule. Tulichagua kusini, na chuma kimebaki kusimulia.

Swali: Kuwahifadhi wapigania uhuru kulituletea faida gani?

Ya fedha usiitafute. Kamati ya Ukombozi ya OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ilikaa Dar es Salaam tangu 1963, na vijiji vya kando ya Mto Ruvuma vikaonja mashambulizi ya Wareno waliotawala Msumbiji. Msumbiji ilipojitawala 1975, mpaka ule ukatulia.

Swali: Vita ya Kagera dhidi ya Uganda (1978–79) ndiyo iliyotufilisi?

Si peke yake. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika 1977, na mafuta yalipanda bei vita vikiwa bado vinaendelea. Mwalimu alibishana na Shirika la Fedha la Kimataifa hadi anang'atuka 1985. Mwaka uliofuata, serikali ya Mzee Mwinyi ikasaini makubaliano na Shirika hilo.